Mfumuko wa Bei Umeshuka, Mbona Unga Haujashuka?

Kila mwisho wa mwezi, Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) hutangaza kiwango cha mfumuko wa bei, na jioni redio huisoma taarifa hiyo. Mkazi wa Chepsaita, kaunti ndogo ya Turbo, husikia kwamba mfumuko umeshuka. Kesho yake huenda dukani akakuta pakiti ya unga ina bei ileile ya jana, pengine imeongezwa shilingi tano. Wengi huamua hapo hapo kwamba takwimu ni za uongo. Lakini takwimu hiyo inajibu swali lingine kabisa, tofauti na lile ambalo mnunuzi anajiuliza akiwa dukani.

Mfumuko wa bei hupima kasi ambayo bei zinapanda. Matatu inayotoka Eldoret kwenda Turbo ikipunguza mwendo kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 30, bado inaelekea Turbo. Haijarudi Eldoret. Vivyo hivyo, mfumuko ukishuka, bei huendelea kupanda, ila polepole zaidi.

Tuchukue takwimu zenyewe. Oktoba 2022 mfumuko wa bei nchini ulifika asilimia 9.6. Oktoba 2023 ulikuwa asilimia 6.9, na Oktoba 2024 ukawa asilimia 2.7. Ukizisoma haraka utadhani maisha yalirahisika sana. Sasa chukua familia iliyonunua bidhaa za shilingi 10,000 Oktoba 2022. Mwaka mmoja baadaye bidhaa zizo hizo zilihitaji shilingi 10,690, na Oktoba 2024 takriban shilingi 10,980. Hakuna wakati wowote ambapo gharama ilirudi kwenye 10,000. Ili irudi, mfumuko ungepaswa kwenda chini ya sufuri, jambo ambalo hutokea kwa nadra.

Kiwango hicho hupatikanaje? KNBS ina kile kinachoitwa kapu la bidhaa: vitu na huduma ambazo familia za Kenya hununua kwa kawaida, kuanzia unga, maziwa na sukuma wiki hadi nauli, kodi ya nyumba na karo. Wakusanya bei huzunguka masokoni na madukani katika wiki ya pili na ya tatu ya mwezi, Nairobi na katika miji mingine, wakiandika bei za vitu vilevile kila mara. Kila kitu hupewa uzito kulingana na sehemu ya fedha ambayo familia hukitumia. Uzito uliotumika katika takwimu hizo ulitokana na utafiti wa matumizi ya familia wa mwaka 2015/2016, na humo chakula na vinywaji visivyo na kileo vilichukua karibu asilimia 33.

Hapo pana jambo ambalo mwenye kipato kidogo anafaa kulijua. Asilimia 33 ni wastani wa nchi. Familia inayotumia nusu ya fedha zake kwa chakula huumia zaidi unga unapopanda, na mfumuko wake wenyewe unakuwa mkubwa kuliko ule wa redioni. Kwa hiyo anayelalamika kwamba kwake mambo ni magumu kuliko takwimu zinavyosema huenda anasema kweli, na takwimu nazo ziwe sahihi.

Kwa Chepsaita na sehemu nyingi za Uasin Gishu, suala hili lina pande mbili, kwa sababu mkulima wa mahindi ni muuzaji na pia ni mnunuzi. Huvuna kati ya Oktoba na Desemba, huuza magunia ili alipe karo ya Januari, na ifikapo Juni wengine hurudi sokoni kununua mahindi kwa gorogoro. Bei ikishuka, mnunuzi wa mjini hufurahi na mkulima hulia. Bei ikipanda, aliyebakisha magunia ghalani hupata, na aliyeuza yote mapema hununua ghali kile alichokiuza rahisi.

Miaka ya 2017 na 2018 ilionyesha hili waziwazi. Mei 2017, baada ya ukame na huku viwavijeshi wakishambulia mashamba, mfumuko wa bei ulifika asilimia 11.7, na serikali ya kitaifa ikatoa ruzuku ili pakiti ya unga ya kilo 2 iuzwe kwa shilingi 90. Msimu huo wa mavuno, Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao (NCPB) ilinunua gunia la kilo 90 kwa shilingi 3,200. Mwaka 2018 mvua ilikuwa nzuri na mavuno yakawa mengi. Wastani wa mfumuko kwa mwaka ulishuka kutoka asilimia 8.0 hadi 4.7, habari njema kitaifa. Lakini mwishoni mwa mwaka huo bei iliyotangazwa ya gunia ilikuwa shilingi 2,300. Wakulima wa North Rift waliipinga vikali, na Januari 2019 ikapandishwa hadi 2,500. Takwimu iliyomfaa mnunuzi wa Nairobi ilikuwa imetoka, kwa kiasi fulani, kwenye mfuko wa mkulima wa huku.

Ndiyo maana takwimu moja haitoshi. Ya pili ya kutazama ni pato: thamani ya vitu na huduma zote zilizozalishwa kwa mwaka. Kwa nchi huitwa Pato la Taifa. Kwa kaunti, KNBS ilitoa ripoti yake ya kwanza mwaka 2019, ikieleza pato la kila kaunti kuanzia 2013 hadi 2017.

Wengi hudhani pato hupatikana kwa kujumlisha mauzo yote. Sivyo. Tuseme mkulima ameuza gunia kwa shilingi 3,000, kampuni ya kusaga ikauza unga wake kwa 4,500, na mwenye duka akauza kwa 5,000. (Hizi ni bei za mfano tu.) Ukijumlisha utapata 12,500, na hapo utakuwa umeyahesabu mahindi yaleyale mara tatu. Kinachohesabiwa ni kile ambacho kila mmoja ameongeza: 3,000 za mkulima, 1,500 za msagaji na 500 za mwenye duka, yaani 5,000. Hata zile 3,000 hupunguzwa gharama ya mbegu na mbolea aliyonunua, na ikiwa mbolea imetoka ng'ambo, thamani yake si pato letu.

Mahindi ambayo familia imeweka ghalani ili ile yenyewe huhesabiwa, ingawa hayakuuzwa. Maziwa yaliyogeuzwa mursik ya nyumbani pia. Vikombe vya chai vinavyouzwa na nauli za bodaboda wageni wanapofika Chepsaita kwa mbio za nyika vimo. Fedha anazotuma mtoto aliye Qatar hazimo, ila zikijenga nyumba hapa, kazi ya ujenzi huhesabiwa. Na kazi ya mama anayepika, kufua na kulea haihesabiwi kabisa. Akimwajiri mtu kwa mshahara afanye kazi hiyohiyo, pato hupanda. Huu ni upungufu wa kipimo chenyewe duniani kote, na ni upungufu mkubwa.

Pato likigawanywa kwa idadi ya watu (Uasin Gishu ilikuwa na wakazi 1,163,186 katika sensa ya 2019) hupatikana wastani wa kila mkazi. Wastani huo humweka mwenye hoteli jijini Eldoret na kibarua wa shambani kwenye mstari mmoja, kwa hiyo hauwezi kutumiwa peke yake kuamua ni kata ipi ijengewe zahanati.

Takwimu hizi huamua fedha pia. Katika fomula ya tatu ya kugawa mapato baina ya kaunti, iliyoanza kutumika mwaka wa fedha wa 2021/2022, idadi ya watu ilipewa uzito wa asilimia 18 na kiwango cha umaskini asilimia 14. Nyumba isiyohesabiwa, au inayotoa majibu ya kubuni kuhusu ng'ombe, ekari na matumizi yake, huipunguzia kaunti nzima uwezo wa kudai haki yake. Baadhi ya wakazi huficha mali wakihofia kodi. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2006 hairuhusu majibu ya mtu binafsi yatolewe kwa namna inayomtambulisha. Mtafiti wa KNBS anapofika mlangoni, mkazi ana haki ya kuomba kuona kitambulisho chake cha kazi kabla ya kujibu swali lolote.