Ununuzi wa Mtandaoni Wakati wa Korona: Faida na Hasara

Machi 2020, amri ya kutotoka nje usiku ilipotangazwa nchini Kenya, wanunuzi wengi waligeukia mtandao. Faida zilionekana: mnunuzi aliepuka msongamano sokoni, alilinganisha bei akiwa nyumbani, na ada ya kutuma hadi shilingi 1,000 kwa simu iliondolewa.

Hasara kuu ni kwamba fedha hutoka kabla ya bidhaa kukaguliwa. Kitakasa mikono kikiwa bandia, mnunuzi hupoteza fedha na kuhatarisha afya yake. Aidha, gharama ya usafirishaji huweza kumeza nafuu ya bei.

Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 inamtaka muuzaji wa mtandaoni atoe maelezo muhimu na kumpa mnunuzi nafasi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa kabla ya kufunga mkataba. Hivyo basi:

1. Thibitisha jina, anwani na simu ya muuzaji.
2. Uliza gharama yote, pamoja na usafirishaji.
3. Ikiwezekana, lipa baada ya kukagua mzigo.
4. Hifadhi tangazo, mazungumzo na ujumbe wa malipo. Bila ushahidi huo, ni vigumu kuthibitisha dai lako.