Kuogopa Chakula cha Halali

Ndugu zangu, mwili ni amana, na kuutunza ni wajibu. Lakini kila jambo lina mpaka wake, na aupitaye huharibu alilotaka kulitengeneza.

Ramadhani moja hapa Nakuru nilialikwa futari. Jamvini palikuwa na viazi vya Molo, chapati, maharage ya nazi na maziwa. Kijana wa nyumba ile hakugusa ila tango. Alianza kwa kuacha sukari, kisha mafuta, kisha ngano, kisha maziwa, wala hapana tabibu aliyemwamrisha. Amekonda, na mialiko ya majirani huikimbia. Mama yake akaniuliza: "Sheikh, mwanangu adhani namlisha sumu?"

Mwaka 1997 daktari wa Marekani, Steven Bratman, aliandika juu ya hali hii, akaiita othoreksia. Mtu hutafuta chakula safi hata hofu ikamtawala, na mwili ukakosa unachohitaji.

Nasi tumekwisha kuonywa. Surat Al-Maida, aya ya 87, yatukataza kujiharamishia vizuri tulivyohalalishiwa. Surat Al-Aaraf, aya ya 31, yatuamuru kula na kunywa bila ya israfu. Basi njia ni ya kati.

Mwenye maradhi ya sukari akikatazwa kitu na tabibu, na atii. Hiyo ni dawa. Ama aliyetawaliwa na hofu, naye ni mgonjwa: asichekwe wala asigombezwe, bali apelekwe kwa tabibu kwa upole, na nafasi yake jamvini isiondolewe.

Wallahu aalam.