Mas-ala ya Mfano na Mtu Mwenyewe

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

SWALI: Mwili huoza ukawa udongo. Je, atakayefufuliwa ni mtu yule yule, au ni mfano wake tu?

JAWABU: Na watazamwe mapacha wawili wa Kasulu, wafananao hata jirani huwakosea. Mmoja akikopa chumvi ya Uvinza, haijuzu kumdai nduguye. Alama za vidole huwapambanua, kama walivyotambulishwa kwazo wakimbizi katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996. Lakini lau alama nazo zingenakiliwa, deni lisingehama. Basi lau angefufuliwa mfano, angeadhibiwa asiyetenda. Na Mwenyiezi Mungu hadhulumu.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, ameeleza katika Tahafut al-Falasifa ya kuwa roho hubaki baada ya mauti, kisha hurudishiwa mwili. Mtu ni yule yule tangu utotoni hata uzeeni, hali mwili wake umekwisha kubadilika. Na mwili atarejeshewa hata ncha za vidole, kama ilivyotajwa katika Suratul Qiyama.

FAIDA: Mwenye deni na alipe leo. Kesho hapana mwingine atakayeitwa badala yake.