Usifute Kimya Kimya: Somo Nililolipata Fildi Kariakoo

Wasomi wenzangu, fildi ya mwaka jana niliangukia ofisi ndogo ya waagizaji wa vipuri, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Nilikabidhiwa seva ya barua pepe. Asubuhi moja nikakuta barua ya ajabu: juu imeandikwa "begin 644 ankara.pdf", chini mistari ya herufi zisizosomeka, karibu yote ikianza na M, mwisho neno "end". Nikajifanya mjuaji: hivi ni virusi! Nikaifuta, kisha nikaweka kanuni kwamba kila barua ya namna hiyo ifutwe.

Siku tatu baadaye bosi akaniita. "Kijana, ankara ya kontena iko wapi? Wenzetu wanasema wametuma mara mbili, na bandarini siku zinahesabiwa." Niliishiwa maneno.

Haya, tujifunze. Barua pepe za zamani zilibeba maandishi ya biti 7 tu. Picha au programu haikupita salama. Mwaka 1980 Mary Ann Horton, akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika uuencode. Inachukua baiti 3, yaani biti 24, inazigawa mafungu 4 ya biti 6, na kila fungu linakuwa herufi moja ya kawaida. Herufi ya kwanza ya mstari hutaja idadi ya baiti. Mstari uliojaa una baiti 45, na 45 huandikwa M. Kumbe zile M zilikuwa hesabu tu!

Mwaka 1992 ukaja utaratibu wa MIME, unaotaja wazi aina ya kila kiambatisho na jinsi kilivyosimbwa. uuencode ikazeeka, lakini haijafa.

Hatari yake iko hapa. Chujio linalojua MIME peke yake huiona uuencode kama maandishi tu, likaipitisha. Programu ya mpokeaji ikiifahamu, inamfungulia faili ambalo hakuna aliyelikagua. Ni kama mlinzi wa duka anayepekua mabegi tu. Furushi la kanga linapita hivi hivi. Mimi nilikosea upande wa pili: nilichoma moto mafurushi yote.

Fanya hivi:

1. Tafuta "begin" mwanzoni mwa mstari, tarakimu 3, jina la faili, kisha mistari ambayo urefu wake unalingana na herufi yake ya kwanza. Neno "begin" peke yake si ushahidi.
2. Fumbua, kisha kagua kilichomo, usiamini jina. PDF huanza na %PDF. Programu ya Windows huanza na MZ.
3. Kisichofumbuka kiweke kando, na mjulishe mpokeaji.

Nilibadilisha kanuni, ankara ikatumwa mara ya tatu, ikafika. Lakini gharama ya zile siku za bandarini alilipa bosi, si mimi. Chujio likikutana na lisilolijua, lisipitishe wala lisifute, limuulize mtu.