Mbio za Salama na Mwansari: Somo la Kushindana bila Kuhusudiana

Baada ya kumshukuru Mola na kumsalia Mtume wake, rehema na amani zimshukie, somo hili lahusu jambo ambalo vijana hulipenda na wazee huliogopa, nalo ni kushindana. Vijana hulipenda kwa kuwa damu yao i moto. Wazee huliogopa kwa kuwa wameona mitaa miwili ikishindana jioni kwa mpira ao kwa ngalawa, na asubuhi yake watu wa huku wasende kumzika maiti wa kule. Je, kosa ni la mashindano, ao ni la nyoyo za wenye kushindana? Jawabu imo katika khabari ya wanaume wawili walioshindana mbio za mbali, na Mtume mwenyewe yuko.

KHABARI YENYEWE. Imam Muslim ameipokea katika Sahihi yake kutoka kwa Salama bin al-Akwa'. Siku chache kabla ya kwenda Khaybar, katika mwaka wa 7 wa Hijra, wanyang'anyi wa Ghatafan waliwateka ngamia wa Mtume malishoni. Salama aliwaandama kwa miguu, peke yake, akiwatupia mishale, hata akawakomboa ngamia wale. Na katika kukimbia kwao wakaangusha nguo zaidi ya 30 na mikuki 30. Mtume alipofika alimsifu kuwa ndiye mbora wa wendao kwa miguu siku ile, akampa mafungu mawili, la mpanda farasi na la mwenda kwa miguu, kisha akampakia nyuma yake juu ya ngamia wake al-Adbaa, wakaelekea Madina.

Katika msafara alikuwamo mtu wa Ansari ambaye hajapata kushindwa mbio. Akawa akiita na kukariri: yuko nani wa kushindana naye hata Madina? Salama akamuuliza kama hana mtukufu amheshimuye wala mwenye cheo amchaye. Akajibu kuwa hana, ila Mtume. Hapo Salama akamwomba Mtume ruhusa ya kushindana na mtu huyu, naye akamwachia khiari yake. Akaruka chini, mbio zikaanza.

Salama hakufanya pupa. Alijizuia kilima kimoja ao viwili ili aihifadhi pumzi yake, kisha akamfuata. Akajizuia tena kilima kimoja ao viwili. Kisha akazitoa nguvu zake zote hata akamfikia mwenziwe, akampiga kati ya mabega, akamwambia kuwa leo ameshindwa. Mwansari akajibu kwa neno fupi kuwa hata yeye adhani hivyo. Salama akatangulia kuingia Madina.

FAIDA YA KWANZA ni adabu. Salama alikuwa amekwisha sifiwa mbele ya watu, na miguu yake alikuwa akiijua; juu ya hayo hakushuka juu ya ngamia mpaka ameomba ruhusa kwa mkubwa wake. Kijana asidhani kuwa ustadi wamwondolea wajibu wa kuuliza.

FAIDA YA PILI ni subira. Mwendo wa mbali haupatikani kwa nguvu za mwanzo. Aliyejizuia kwenye vilima ndiye aliyefika kwanza. Hayo ni kweli katika mbio, na ni kweli zaidi katika kusoma elimu na katika ibada, ambamo wengi huanza kwa kishindo na wachache hudumu.

FAIDA YA TATU, nayo ndiyo kubwa, ni kukiri. Mwansari alikuwa na la kupoteza: sifa ya kutoshindwa, aliyoitangaza yeye mwenyewe mbele ya jeshi zima. Alipoipoteza hakutafuta udhuru, hakusema jiwe lilimkwaa wala kuwa mwenziwe alikuwa amepumzika juu ya ngamia. Riwaya haikumtaja jina, wala haikumtaja kwa ubaya. Na baada ya siku tatu tu Waislamu walitoka kwenda Khaybar. Watu wenye kinyongo wangaliendaje vitani bega kwa bega?

HUKUMU YAKE. Imam Nawawi, katika kuisherehi hadithi hii, amebainisha kuwa kushindana mbio kwa miguu bila ya kushindania mali ni halali pasi na khitilafu. Ama kwa mali kuna khitilafu, na kauli iliyo sahihi zaidi katika madhhab ya Imam Shafi'i ni kuwa haisihi. Mali imeruhusiwa katika ngamia, farasi na mishale, kwa sharti zake, kwa kuwa hizo ni zana za vita. Basi wale wakaao kando ya uwanja wakawekeana fedha, huyu kwa fulani na yule kwa fulani, hao wamo katika kamari, ijapokuwa hawakuinua mguu.

Wala mtu asione kuwa mbio ni upuuzi usiomfalia mwenye heshima. Abu Daud amepokea kuwa Mtume alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha, akashindwa; kisha siku nyingine akamshinda, akamwambia kwa upole kuwa hii ni badala ya ile. Aliyekuwa mbora wa viumbe alishindwa na mkewe, na hadhi yake haikupungua kitu.

TOFAUTI YA KUHIFADHI. Maulamaa wamepambanua baina ya husuda na ghibta. Husuda ni kutaka neema imwondokee mwenzio. Ghibta ni kutaka upate mfano wa aliyo nayo, naye abaki nayo. Mwenye ghibta humtazama aliye mbele yake akaongeza mwendo. Mwenye husuda humtazama akatamani ajikwae.

Basi kijana atakaposhindwa leo, na ajipime kesho yake: je, aweza kumtolea salamu aliyemshinda, na kwenda kumzika maiti wake? Akiweza, mbio zake zilikuwa njema. Asipoweza, amepoteza kitu kikubwa kuliko mbio. Wallahu aalam.