Kuunda Mfano wa Reli na Vilima Vyake

Gari la moshi lilifika ziwani Kisumu mwaka 1901, wala halikuipanda milima ya Gusii. Walakini mwalimu wa Kenyenya aweza kuiweka reli ile mezani, watoto waione.

Chagua kipimo kimoja, ukishike. Reli ile ina upana wa mita 1. Basi kila mita iwe sentimita 1, na mtu mzima asizidi milimita 18. Hapa ndipo wengi hukosea: stesheni nzuri ya kadibodi, na kando yake ng'ombe mkubwa kuliko behewa!

Vilima hufanywa kwa magazeti yaliyokunjwakunjwa, yakafunikwa karatasi zilizochovywa katika uji wa unga wa ngano. Njia isipande zaidi ya sentimita 1 kwa kila sentimita 50. Vumbi la mawe ya Tabaka lafaa kando ya reli. Lakini lilowanishe kwanza, kwani likivutwa puani hudhuru mapafu.