Uchovu wa Mwanafunzi: Tuulize Kwanza Usingizi na Damu

Mwanafunzi akisinzia kipindi cha kwanza huitwa mvivu kabla hajaulizwa jana alilala saa ngapi na alikula nini. Maswali yafuatayo huulizwa sana na wanafunzi wenyewe, na wazazi wao pia.

Nalala kila siku, mbona naamka nimechoka?

Tupige hesabu. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila usiku. Chukua shule ya bweni ambayo prepo inaisha saa 4 usiku na kengele ya kuamka inalia saa 11 alfajiri. Hata akilifumba jicho papo hapo, amepata saa 7. Lakini nani hulala papo hapo? Kuna kufua soksi, kuna stori za kitandani, kuna yule anayepiga msuli kwa tochi ndani ya shuka hadi saa 6. Huyo wa tochi anapata saa 5. Kwa siku tano za masomo amejikopa saa 15 na zaidi.

Isitoshe, katika balehe saa ya mwili hurudi nyuma. Melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, huchelewa kutoka kuliko ilivyokuwa utotoni, na mwanga wa simu usoni huichelewesha zaidi. Kwa hiyo kijana anayesema saa 3 usiku hana usingizi hasemi uongo. Ila simu akiiweka mbali na kitanda, uchelewaji huo hupungua.

Nikilala sana Jumamosi, si nitafidia?

Kidogo. Ukilala hadi saa 5 asubuhi Jumamosi na Jumapili, usiku wa Jumapili usingizi hautakuja mapema, na Jumatatu utaianza ukiwa umelewa usingizi. Afadhali muda wa kuamka usipishane sana na wa siku nyingine, na mchana ulale dakika 20 hivi. Na anayekesha mkesha wa mtihani ajue kwamba ubongo huyapanga na kuyahifadhi yaliyosomwa wakati mtu amelala.

Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu vinasaidia?

Vinakufichia uchovu, haviuondoi. Kafeini huziba mlango ambao ubongo hupitishia taarifa kwamba umechoka. Uchovu wenyewe unaendelea kurundikana nyuma ya mlango. Tena kafeini haitoki mwilini upesi: nusu yake huwa bado imo baada ya saa 5 au 6. Aliyekunywa saa 12 jioni ili asome, saa 6 usiku anagaagaa kitandani akidhani ana mawazo. Kama lazima unywe, iwe kabla ya mchana.

Nalala vya kutosha na nakula nikashiba. Uchovu unatoka wapi?

Kushiba na kulishwa ni mambo mawili. Sahani ya ugali na maharage inashibisha kweli, lakini mwili unahitaji madini ya chuma ili utengeneze damu inayobeba hewa ya oksijeni. Yakipungua, ngazi za ghorofa moja zinakutoa jasho, moyo unakwenda mbio, kichwa kinauma, na somo haliingii hata ulisome mara tatu. Wasichana wamo hatarini zaidi kwa sababu ya damu ya kila mwezi. Binti anayetamani udongo, mchele mbichi au barafu asichekwe: mara nyingi hiyo ni dalili kwamba damu imepungua.

Hapa kuna tabia moja ya kwetu inayotugharimu bila kujua. Tunapenda kuteremsha chakula kwa chai ya rangi. Majani ya chai yana kitu kinachoyashika madini ya chuma ya maharage na mboga, yakapita tumboni bila kuingia kwenye damu. Sikuambii uache chai. Ninywe nini mimi? Isogeze tu saa moja au mbili baada ya chakula. Juu ya maharage, matembele au mchicha kamulia ndimu, au ule chungwa au embe, maana vitamini C huufungulia mwili njia ya kuyapokea madini hayo. Watu wa Pwani, ambao hawali samaki bila ndimu, wamekuwa wakifanya hivyo tangu zamani. Dagaa ukiweza, na maini siku moja moja, vinazidi mboga kwa mbali.

Halafu kuna wanyonyaji. Minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya nyayo, ikaenda kukaa utumboni na kunyonya damu kimyakimya. Vaa viatu, hata ukienda chooni usiku, na dawa za minyoo zikigawiwa shuleni zimeze. Malaria na kichocho navyo hupunguza damu.

Basi ninunue vidonge vya kuongeza damu?

Usinunue kabla ya kupima. Upungufu wa damu una sababu nyingi, na mwenye selimundu, kwa mfano, anaweza kudhurika kwa madini ya chuma asiyoyahitaji.

Michezo si itanichosha zaidi?

Hapana. Anayetoka jasho jioni hulala vizuri zaidi. Usicheze tu dakika za mwisho kabla ya kulala.

Niende zahanati lini?

Ukilala vya kutosha wiki mbili na bado umechoka. Nenda mapema zaidi ukiwa na homa, ukikonda bila sababu, ukiwa na kiu na kukojoa kupita kawaida, ukikohoa kwa muda mrefu au hedhi ikiwa nzito. Nenda pia kama hakuna tena kinachokufurahisha na unatamani kulala ili usikutane na siku. Huo nao ni ugonjwa na una tiba. Mzazi au mlezi, usimwambie mtoto avumilie hadi likizo. Kupima wingi wa damu kunahitaji tone moja la kidoleni na dakika chache tu.